Uchakavu si Uharibifu: Kurudisha Nyumba ya Kupanga Bila Ugomvi

Wiki mbili zilizopita nilipanda Hiace ya Kwa Mrombo kuja mjini, siti ya nyuma kabisa, na safari nzima ikawa kesi ya mama mmoja aliyekuwa anahama. Mwenye nyumba wake alikuwa amemwambia asipeleke funguo kabla hajapaka rangi nyumba nzima. Amekaa pale miaka mitano. Konda akasema ndiyo sheria ilivyo, kila mpangaji anapaka akitoka. Mzee aliyekaa karibu na mlango akabisha: rangi ni ya mwenye nyumba siku zote. Kijana mmoja akamuuliza mama kama amebakiza miezi aliyokwisha kulipia, maana lazima arudishiwe. Mwingine akamwonya kuhusu deni la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwamba litamfuata hadi nyumba mpya. Mama akashuka na majibu manne, na bado hajui apake au asipake.

Maswali haya nayasikia zaidi siku hizi. Tangu uanze ujenzi wa uwanja wa mpira kule Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, mazungumzo ya kodi kupanda na watu kuhama hayakosekani kwenye vijiwe vya Arusha. Na anayehama huwa na haraka: kirikuu, kigari cha mizigo, imeshakodiwa, watoto wanalia, godoro liko uani, na mwenye nyumba anazunguka chumba hadi chumba akinyoosha kidole.

Mimi nimehama mara sita. Mara ya pili, nikitoka kwenye nyumba moja ya Majengo, Moshi, nilipoteza amana yangu yote kwa sababu ya ufa kwenye sinki. Ufa ule niliukuta. Lakini sikuwa na picha, sikuwa na karatasi, na dalali aliyenipeleka pale alikuwa hapatikani tena kwa simu. Mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu: "Nani mwingine anajua kwamba uliukuta?" Nikakosa jibu. Iliniuma sana, kwa sababu pesa ile ndiyo niliyoitegemea kulipia dalali wa nyumba iliyofuata.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kila ugomvi wa kuhama unarudi kwenye maswali matatu. Nyumba ilikuwaje ulipoingia? Ikoje unapotoka? Na katika tofauti iliyopo, ni ipi kazi ya muda na ni ipi kazi yako?

Maneno kwanza

Kodi ni malipo ya kukaa, na ikishalipwa ni ya mwenye nyumba. Amana, ambayo wengi tunaiita dipoziti, ni kitu kingine. Hiyo ni pesa ya mpangaji inayokaa kwa mwenye nyumba kama dhamana, na inaendelea kuwa ya mpangaji hadi itokee sababu ya haki ya kuikata. Vyumba vingi vya mitaa kama Ngarenaro na Kaloleni za Arusha au Pasua ya Moshi havina amana kabisa. Unalipa miezi mitatu au sita, unampa dalali mwezi wake, unaingia. Amana utaikuta zaidi kwenye nyumba nzima za Njiro, Sekei au Shantytown. Masharti yake yote yako kwenye mkataba: kiasi gani, inakatwa kwa lipi, inarudi baada ya siku ngapi. Mkataba ukinyamaza, mtabishana.

Kuna mazoea ya mpangaji kutolipa mwezi wa mwisho na kusema, "Kata kwenye dipoziti." Kama mkataba hauruhusu, huo ni mwezi usiolipwa, hata kama mwenye nyumba ana pesa yako mkononi. Na unamwondolea dhamana wakati ule ule anapoihitaji, kwa hiyo ataanza kukagua nyumba kwa hasira.

Notisi ni taarifa ya kuondoka, nitairudia mbele. Makabidhiano ni lile tendo la kurudisha nyumba na funguo mbele ya macho ya pande zote mbili. Halafu kuna maneno mawili yanayobeba makala hii yote: uchakavu wa kawaida, na uharibifu.

Kisigino cha katambuga

Chukua katambuga, zile kandambili za matairi zinazouzwa sokoni Kilombero. Ukizivaa miaka mitatu, kisigino kinalika. Hakuna aliyekosea, viatu ni vya kutembelea na umetembea. Huo ni uchakavu. Sasa mtu akichukua kisu akakata mkanda wa katambuga, au akaiacha karibu na jiko la mkaa ikaungua, hilo ni jambo jingine kabisa. Kiatu hakikuumia kwa kuvaliwa, kimeumia kwa mkono au uzembe wa mtu. Huo ni uharibifu.

Nyumba ni hivyo hivyo. Rangi iliyopauka upande wa dirisha la jua, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa kila siku, sakafu iliyofifia mlangoni ambapo kila mtu anakanyaga, bomba linalodondosha kwa sababu mpira wa ndani umechoka: yote hayo ni kisigino kilicholika. Kioo kilichopasuliwa na mpira wa watoto, kigae kilichovunjika kwa kuangushiwa mtungi wa gesi, mlango uliotobolewa kwa teke, choo kilichoziba kwa sababu ya nguo, hayo ni mkanda uliokatwa.

Haya si maoni yangu tu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, kisha inataja asichowajibika kukirekebisha. Cha kwanza ni uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Vingine ni moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake au wa wageni wake, fujo za umma, radi, dhoruba, tetemeko la ardhi na hata volkano. Ukiwa mkazi wa mji uliolala chini ya Mlima Meru, ambao ni volkano, hilo la mwisho linakugusa.

Upande wa pili, sheria hiyo hiyo inataka nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kwa binadamu siku unayoingia na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu za nje na mifereji mikuu ni jukumu la mwenye nyumba.

Kwa hiyo yule mama wa Hiace? Konda alikosea, na mzee naye alikuwa na nusu ya ukweli. Hakuna sheria inayomlazimisha kila mpangaji kupaka rangi akitoka. Rangi ya miaka mitano imechoka kwa sababu ni ya miaka mitano. Lakini kuna mikataba yenye kifungu kinachosema mpangaji atapaka rangi kabla ya kukabidhi nyumba, na ukisaini kifungu hicho umekikubali. Mama arudi akasome mkataba wake. Kama kifungu hakipo na kuta hazina zaidi ya kupauka, hana deni la rangi.

Ukuta wa Arusha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi inatufanya tufunge madirisha usiku na mchana, tupike ndani, tuanike nguo za watoto sebuleni kwa sababu nje hakukauki. Agosti ikifika, nyuma ya kabati kuna madoa meusi. Tunayaita ukungu, wengine wanasema fangasi. Mwenye nyumba akiyaona siku ya kuhama anasema umechafua ukuta. Mpangaji anasema nyumba ina unyevu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu unyevu una milango tofauti ya kuingilia, na kila mmoja unaacha alama yake.

Unyevu wa kwanza ni wa mvuke. Unatoka kwenye sufuria, kwenye maji ya kuoga, kwenye pumzi za watu waliolala chumba kimoja. Ukikutana na ukuta wa baridi unageuka matone, kama mfuniko wa chungu unapouinua. Alama zake ni vidoa vyeusi kwenye pembe za juu, pembeni mwa fremu za madirisha na nyuma ya makabati yaliyosukumwa hadi ukutani. Hapa mpangaji ana mkono wake, kwa kuwa angeweza kufungua dirisha na kusogeza kabati nje kwa upana wa kiganja. Lakini kama chumba hakina dirisha la kutosha, au matundu ya hewa yamezibwa na aliyejenga, lawama inahama. Habari njema ni kwamba ukungu wa mvuke kwa kawaida huishia juu ya rangi. Futa kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, madirisha yakiwa wazi, glavu mkononi, na usichanganye dawa hiyo na dawa nyingine yoyote ya choo, maana mchanganyiko unaweza kutoa hewa yenye sumu. Acha ukuta ukauke kabisa kabla ya kugusa brashi ya rangi.

Unyevu wa pili unapanda kutoka chini. Msingi usiowekewa kizuizi cha maji unanyonya unyevu wa ardhi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Utaona mstari wa unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia kimo cha goti au kiuno, rangi ikibanduka kama maganda, na unga mweupe kama chumvi juu ya plasta. Hata upake mara ngapi, masika ijayo unarudi. Huo ni wa mwenye nyumba. Mpangaji anayepaka rangi juu yake ili akabidhi nyumba safi anatupa pesa yake.

Wa tatu unatoka juu: duara la kahawia kwenye dari ya jipsamu, mara nyingi baada ya mvua kubwa ya Aprili. Bati limetoboka au msumari wa bati umelegea. Huo nao ni wa mwenye nyumba, kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: umwambie mapema. Ukilitazama duara likikua miezi minane bila kusema, kisha jipsamu ikaanguka, atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini ulinyamaza. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. "Baba, shikamoo. Dari ya chumba cha watoto inavuja tangu jana, naomba fundi aje aangalie." Tarehe imejiandika yenyewe.

Mji wa Moshi uko chini zaidi na joto lake ni kali zaidi, kwa hiyo ukungu wa mvuke hausumbui hivyo. Kule nimeona zaidi mchwa kwenye fremu za milango. Mchwa hawaletwi na mpangaji, ila nao wanatakiwa kutolewa taarifa wakionekana.

Matundu ya misumari huwa yanabishaniwa kupita kiasi. Misumari miwili mitatu ya picha na kalenda, kwa maoni yangu, ni maisha ya kawaida ndani ya nyumba. Ukuta uliotobolewa kwa drili mara kumi na mbili kwa ajili ya runinga, rafu na vyuma vya pazia ni kazi uliyoiongeza wewe, na unapaswa kuiziba. Ni rahisi: ng'oa plagi za plastiki, jaza saruji nyeupe iliyokorogwa nzito, acha ikauke, piga msasa, kisha gusa rangi. Tatizo ni hiyo rangi. Rangi nyeupe ya dukani na nyeupe ya ukuta wenye miaka minne hazifanani, na kiraka kitaonekana kuliko tundu lenyewe. Afadhali upake ukuta ule mmoja, kona hadi kona, kuliko kuacha madoa. Muulize kwanza mwenye nyumba alitumia rangi gani. Wengine bado wana kopo stoo.

Na kama kweli umeharibu? Bado huwajibiki kumnunulia kipya kwa bei kamili mahali ambapo palikuwa na cha zamani. Mtu akitoboa tairi la jirani lililokwisha tembea miaka mitatu, haki ni kulipa thamani iliyokuwa imebaki kwenye tairi lile. Tuseme rangi ya ndani inatarajiwa kudumu miaka minne, na mwanao ameichora kwa kalamu mwishoni mwa mwaka wa tatu. Robo tu ya maisha ya rangi ile ndiyo iliyopotea. Ukimweleza mwenye nyumba kwa utulivu namna hiyo, wengi wanaelewa, hasa kama umeanza kwa kukiri kosa. Fidia inakusudiwa kuziba hasara, haikusudiwi kumkarabatia mtu nyumba yake yote.

Ulichokifunga mwenyewe

Arusha watu wengi wanafunga shawa ya umeme kwa sababu ya baridi, na wengi wananunua tanki la maji kwa sababu ya mgawo. Je, unaondoka navyo? Kanuni ya jumla ni kwamba kilichoshikamanishwa na jengo kwa kudumu hufuata jengo, na kinachotoka bila kubomoa kitu hufuata mwenyewe. Tanki lililokaa juu ya kitako linatoka. Dishi la kisimbuzi linatoka, ila ziba matundu ya skrubu kwenye bati, usimwachie mwenzio mvua. Shawa inatoka kama umehifadhi ile ya zamani na fundi umeme anairudisha mahali pake, nyaya zikiwa zimefungwa vizuri. Makabati ya jikoni yaliyojengewa ukutani, vigae ulivyoweka, grili uliyochomelea: hivyo hesabu umeviacha, isipokuwa mliandikiana kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi. Maandishi hayo yanatakiwa kabla fundi hajaanza kazi. Nimemwona jirani akibomoa vigae vyake kwa nyundo siku ya kuhama, kwa uchungu, na akaishia kulipia sakafu.

Notisi na miezi iliyobaki

Watu wataapa kwamba "sheria inasema miezi mitatu." Miezi mitatu imeandikwa kwenye mikataba mingi, ndiyo maana tunaiona kama sheria. Wazee nao wanakumbuka Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya 1984 na mabaraza yake, lakini hiyo ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi unaanza na karatasi yako. Mkataba wa muda maalumu, tuseme Januari 1 hadi Desemba 31, unafika mwisho wenyewe. Angalia tu kama una kifungu kinachokutaka utoe taarifa kwamba huendelei. Kama mlikubaliana kwa mdomo na hamkutaja muda, Sheria ya Ardhi inauhesabu kama upangaji wa vipindi. Kipindi kinapimwa kwa jinsi kodi inavyolipwa, na notisi haiwi fupi kuliko kipindi hicho, tena iishie siku ya kulipa kodi. Kwa anayelipa kila mwezi, ni mwezi mmoja.

Ni kama kituo cha daladala. Unaweza kumwambia konda "shusha" popote barabarani, lakini unashuka kituoni. Ukitoa notisi tarehe 12 na kodi yako inaanza tarehe 1, usihesabu hadi tarehe 12 ya mwezi unaofuata, hesabu hadi tarehe 1 inayokuja baada ya hapo.

Kuhusu miezi iliyolipiwa ambayo hutakaa, yule kijana wa Hiace alikuwa na matumaini makubwa mno. Ukilipa sita ukaondoka baada ya minne kwa hiari yako, wewe ndiye unayekatisha makubaliano, na huna haki ya moja kwa moja ya kurudishiwa miwili. Ila kuna hoja ya haki unayoweza kuisimamia: Sheria ya Mikataba, katika kupima hasara, inaangalia pia njia zilizokuwepo za kuipunguza. Mwenye nyumba akipata mpangaji mwingine wiki ile ile, hasara yake iko wapi? Kwa hiyo njia nzuri ni kumtafutia mtu, umpeleke, yeye amkubali, kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba kodi ya huyo mpya itakurudishia sehemu yako. Usimweke mtu ndani kimyakimya ukampokea pesa. Hapo umevunja mkataba mara mbili.

LUKU na maji

Mita ya LUKU ni ya nyumba, haihami na wewe. Tokeni zake zinaingia kwenye namba ya mita ile tu, kwa hiyo uniti utakazoacha unamwachia anayeingia. Wiki tatu za mwisho nunua kidogo kidogo.

Deni linalozungumzwa sana ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa za mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Usiponunua umeme miezi mitatu, inajilimbikiza, na ununuzi wa kwanza unakatwa 4,500. Hapo ndipo watu wanaposhtuka na kusema kuna deni. Deni hilo liko kwenye mita na haliwezi kukufuata nyumba mpya. Kinyume chake, ukihamia nyumba iliyokaa tupu muda mrefu, wewe ndiye utakayekuta limbikizo la wengine, kwa hiyo muulize mwenye nyumba kabla ya kuingia.

Na kodi hiyo, kisheria, ni ya mmiliki wa jengo. Miaka miwili kwa shilingi 1,500 ni 36,000. Si pesa ya kugombania hadi mwenyekiti wa mtaa, lakini mtakapokuwa mnahesabu nani anamdai nani, iweke mezani.

Maji ni tofauti, kwa sababu unatumia kwanza ndipo unalipa. Akaunti ya mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba, na ankara ya mwezi wako wa mwisho inaweza kutoka baada ya wewe kuondoka. Mwenye nyumba mwenye busara ataogopa hilo. Mtoe wasiwasi: siku ya kukabidhi pigeni picha usomaji wa mita, toa uniti zilizosomwa kwenye ankara iliyopita, zidisha kwa bei iliyo kwenye ankara, ulipe papo hapo au mkubaliane ikatwe kwenye amana. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi wanaochangia mita moja, maliza na wenzako kabla ya siku hiyo, maana mjadala wa nani alifua sana haumaliziki uwanjani mbele ya kirikuu.

Wiki ya mwisho

Usafi hauhitaji maelezo mengi. Jiko, choo, madirisha, uani, na takataka zipelekwe kabisa, zisiachwe pembeni ya geti. Masizi juu ya jiko la mkaa na mafuta ukutani jikoni ndiyo yanayochukua nguvu, kwa hiyo anza nayo mapema.

Cha muhimu zaidi ni kumwita mwenye nyumba aje aone nyumba siku kumi kabla ya kuhama. "Mama, naomba uje tuangalie pamoja, uniambie unachoona nirekebishe." Wapangaji wengi wanaogopa hatua hii, wakidhani wanamwamsha aliyelala. Uzoefu wangu ni tofauti. Kitasa kibovu ukimpeleka fundi wako ni bei ya kitasa na ujira mdogo. Kikikatwa kwenye amana baada ya wewe kuondoka, bei hujui nani ameipanga. Anayoyataja siku hiyo yaandikeni. Ya kwako yatengeneze. Ya kwake mwonyeshe kwa heshima kwa nini ni ya kwake: mstari wa unyevu unaoanzia sakafuni, duara la dari, ujumbe uliomtumia Aprili.

Kama ulipiga picha siku ya kuingia, zitafute sasa. Kama hukupiga, usikate tamaa. Picha za sherehe ya mtoto ya mwaka wa kwanza huwa zinaonyesha ukuta nyuma. Na kwenye nyumba unayohamia, kabla ya kushusha hata ndoo, zunguka na simu ukirekodi kila chumba, kila sinki, kila kioo, kisha mtumie mwenye nyumba video hiyo hiyo siku hiyo hiyo ukisema, "Nimeipokea nyumba ikiwa hivi." Hicho ndicho nilichokikosa Majengo.

Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa ndiye mlango wa kwanza, na mara nyingi anatosha kwa sababu anawajua wote wawili. Baraza la Kata linaweza kuwasuluhisha, lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2021 haliamui tena migogoro ya ardhi na nyumba. Usipopatikana muafaka ndani ya siku 30, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na karatasi, picha na risiti.

Siku yenyewe, vitu vikishapakiwa na kabla gari halijaondoka, tembeeni chumba kwa chumba mkiwa na shahidi mmoja, jirani anatosha. Washa kila taa, fungua kila bomba, vuta maji chooni. Andikeni nusu ukurasa: tarehe, usomaji wa mita ya maji, uniti za LUKU zilizobaki, idadi ya funguo, kilichoharibika na nani analipa, amana inarudi lini na kiasi gani. Sainini nakala mbili. Kisha hesabu funguo mkononi mwake moja moja, pamoja na ile ya geti dogo ambayo karibu kila mtu huisahau kwenye mkoba.